Nani Aliyemsamehe Lettow-Vorbeck?

Mwaka 1929 maofisa wa Kiingereza waliopigana vita vya Afrika Mashariki walikutana London kwa karamu ya kumbukumbu. Mgeni wa heshima alikuwa mtu waliyemwinda miaka minne bila kumtia mkononi: Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Kijerumani katika koloni ambalo leo ndilo Tanzania Bara, Rwanda na Burundi. Jan Smuts wa Afrika Kusini, aliyeongoza majeshi ya Uingereza dhidi yake mwaka 1916, naye alikuwapo. Walikula, walikunywa, walisifiana. Ilikuwa imepita miaka 11 tu tangu silaha ziwekwe chini, na mahasimu wale walikuwa wamekwisha kuwa marafiki.

Upatanisho ni jambo jema, na hakuna dini inayofuatwa Afrika Mashariki isiyouhimiza. Hata hivyo karamu ile inazua swali zito. Deni lililofutwa pale mezani lilikuwa la nani? Kati ya waliokaa kula na kunywa, nani alikuwa na haki ya kutamka kwamba yaliyopita yamepita?

Swali hilo linaugusa Ukamba, nchi ya Wakamba wa Kenya, moja kwa moja. Kutoka vijiji ambavyo leo viko katika kaunti za Kitui na Makueni, maelfu ya vijana walitolewa kubeba unga, risasi na vitanda vya maofisa wakimfuata jenerali huyo hadi kusini mwa Tanganyika. Wengi hawakurudi. Hakuna aliyewaalika jamaa zao London.

Lettow-Vorbeck alizaliwa Saarlouis mwaka 1870, mwana wa familia ya kijeshi. Alikwenda China mwaka 1900 na kikosi kilichotumwa kuzima uasi wa Boxer. Mwaka 1904 alipelekwa Namibia, akawa katika ofisi ya Jenerali Lothar von Trotha, yule aliyetoa amri ya kuwaangamiza Waherero. Huko alijeruhiwa jicho. Kwa hiyo alipofika Dar es Salaam Januari 1914, akiwa luteni kanali, alikuwa mtu aliyekwisha kuona kwa karibu vita vya kikoloni vinamfanya nini asiye na bunduki. Melini alikuwa amefanya urafiki na bibi mmoja wa Kidenmaki aliyekuwa njiani kwenda kuolewa Kenya, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kama mwandishi Karen Blixen.

Vita vilipoanza Agosti mwaka huo, Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni likae kando. Lettow-Vorbeck hakukubali. Aliteka Taveta, na Novemba akawashinda Waingereza Tanga: watu wapatao 1,000 wakalirudisha baharini jeshi la watu 8,000 lililoletwa kutoka India. Tangu siku hiyo jina lake likawa kubwa.

Aliwajua vizuri majirani zake wa kaskazini. Reli ya Uganda ilipita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali na Sultan Hamud, yaani ilikata katikati ya nchi ambayo sasa ni Makueni, na kila gunia la jeshi la Uingereza lilipita hapo. Kutoka Kilimanjaro alituma vikosi vidogo vitembee nyikani usiku, vilipue reli, kisha virudi. Katika kumbukumbu zake ameeleza jinsi watu wa vikosi hivyo walivyoteswa na kiu, hata wengine wakanywa mikojo yao. Anayeijua nchi ile ya mibuyu na mito ya mchanga mwezi wa Septemba hahitaji kushawishiwa.

Lakini Ukamba ulikuwa na Wajerumani wa aina nyingine, waliotangulia zamani. Johann Ludwig Krapf, mzaliwa wa Württemberg, alifika Kitui mwaka 1849 kwa Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa pembe za ndovu, na akiwa huko akauona Mlima Kenya. Katika miaka ya 1890 wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walijenga Ikutha, na mwaka 1899 wakafungua Mulango, karibu na mji wa Kitui. Walijifunza Kikamba na kufundisha watoto kusoma. Vita vilipokuja, serikali ya Uingereza iliwahesabu kuwa adui, na vituo vyao vikapita mikononi mwa Africa Inland Mission, wamisionari kutoka Marekani. Ndiyo maana Mulango ya leo ni ya AIC, kanisa lililotokana na misheni hiyo, na si ya Walutheri.

Mtu anaweza kupita haraka hapo, lakini ni vema asimame. Walutheri wale walileta pamoja na Biblia mapokeo ya Martin Luther, na Luther alikuwa ameandika juu ya suala hili hili. Mwaka 1526 kamanda mmoja aitwaye Assa von Kram, aliyesumbuliwa na dhamiri baada ya vita, alitaka kujua kama mwanajeshi naye anaweza kuokoka. Luther alimjibu kwa kitabu kidogo. Alisema kazi ya askari yenyewe si dhambi; ni kama kazi ya tabibu anayekata mkono uliooza ili mwili upone. Lakini akaongeza sharti: askari akijua kwa hakika kwamba bwana wake anapigana vita visivyo vya haki, asitii, kwa kuwa yampasa kumcha Mungu kuliko mwanadamu.

Jibu hilo likipimwa kwa vita vya Lettow-Vorbeck, linapasuka. Jenerali hakuficha nia yake. Alijua koloni lisingeweza kuamua mshindi wa vita. Alichotaka ni kuwashughulisha Waingereza wengi iwezekanavyo Afrika ili wasiende kupigana Ulaya. Basi mwili uliokuwa ukiokolewa ulikuwa Ulaya, na mkono uliokatwa ulikuwa Afrika, nao haukuwa na ugonjwa wowote. Tabibu wa Luther hukata kiungo cha mgonjwa wake mwenyewe. Hakuna fundisho la vita vya haki, tangu Augustino hadi Thomas wa Akwino, linaloruhusu kumkata mpita njia ili mgonjwa wa nyumba nyingine apone. Na haifai kumwachia jenerali huyo peke yake lawama, kwa sababu upande wa pili ulifanya lile lile, tena kwa wingi zaidi.

Wakamba hawakuwa wageni wa kubeba mizigo. Karne ya 19 misafara yao ilishuka Mombasa na pembe, ikapanda na nguo na shanga, kwa hiari na kwa faida yao. Vita vilibadilisha kila kitu. Sheria ya mwaka 1915 iliipa serikali ya Kenya uwezo wa kuwachukua wanaume kwa nguvu wawe wapagazi, na mwaka 1917 John Ainsworth alipewa kazi ya kuongoza msako mkubwa katika wilaya. Machifu waliamriwa kutoa idadi fulani ya watu, nao waliwatoa wale wasio na mtu wa kuwatetea. Malipo ya mpagazi wa kawaida yalikuwa kama rupia 5 kwa mwezi.

Walikufa kwa njia ambazo hazisimuliwi kwenye karamu. Vijana waliozoea isyo (mahindi na maharage yaliyopikwa pamoja), mbaazi na mtama walipewa unga wa mahindi usio na kitu kingine, na mara nyingi hawakuwa na muda wala kuni za kuupika ukaiva. Matumbo yakaharibika. Kuhara damu kuliua kwa wingi, kisha malaria, kisha kichomi katika mvua na baridi za nchi za juu. Risasi ziliua wachache. Uingereza ilitumia watu wapatao milioni 1 kubeba mizigo katika vita hivyo kutoka nchi zote za eneo hili. Hesabu rasmi zilikubali vifo zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi wanaamini idadi ya kweli ilikaribia au kupita 100,000.

Upande wa Kijerumani haukuweka hesabu kabisa. Jeshi la Lettow-Vorbeck lilikula kile lilichokuta, likachukua watu lilikokuta watu. Daktari wake mwenyewe, Ludwig Deppe, aliandika baada ya vita kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa na maghala matupu, na mbele ya wenyeji ikabaki njaa. Huko Ugogo, katikati ya koloni, majeshi ya pande zote mbili yalipokwisha kuchukua ng'ombe na nafaka, ilikuja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Inakadiriwa iliua watu 30,000. Jenerali alikuwa amekwisha kuvuka Ruvuma, Novemba 1917, na habari za Ugogo hazimo katika sifa zake.

Alijisalimisha Abercorn, mji ambao sasa unaitwa Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, siku 14 baada ya vita kwisha Ulaya. Alikuwa na Wajerumani 155, askari Waafrika 1,168 na maelfu kadhaa ya wapagazi na wanawake. Machi 1919 alipita kwa farasi chini ya lango la Brandenburg, Berlin, huku umati ukimshangilia kuwa jenerali pekee asiyeshindwa. Nchi iliyoshindwa ilihitaji sana mtu wa namna hiyo.

Yaliyofuata yanaonyesha tabia yake vizuri kuliko vita vyenyewe. Julai 1919 aliongoza wanajeshi kuingia Hamburg kuzima ghasia za watu wenye njaa. Machi 1920 aliunga mkono jaribio la Kapp la kuipindua serikali changa ya kidemokrasia. Lilipoanguka, aliondolewa jeshini. Akawa mfanyabiashara Bremen. Toka 1928 hadi 1930 alikaa bungeni kwa chama cha wazalendo wa mrengo wa kulia. Inasemekana Hitler alimtaka awe balozi London, naye akakataa kwa maneno makali. Mara nyingi kisa hicho hutajwa kumwosha. Lakini utawala wa Hitler ulilitumia jina lake kwa kambi na mitaa, na mwaka 1939 ukampa cheo cha heshima cha jenerali kamili, naye akakipokea. Vita vya Pili vilimchukulia wana wawili na nyumba. Alipokuwa hana chakula baada ya 1945, Smuts alimtumia vifurushi.

Msomaji anaweza kumwonea huruma mzee huyo, na ni haki amwonee. Baba aliyezika wana wawili ni baba aliyefiwa, awe nani. Lakini wanawe waliandikwa majina. Tarehe zao za kufa zilijulikana, na walikuwa na mtu wa kuwatumia barua za rambirambi. Huruma hiyo hiyo, ikifuatwa hadi mwisho wake, inampeleka mtu Ikutha na Kibwezi kwa akina mama waliosubiri mpaka wakazeeka.

Hapa ndipo mwana wa Mulango anapoingia.

John Mbiti alizaliwa Mulango mwaka 1931, katika kanisa ambalo vita vya Lettow-Vorbeck vililihamisha kutoka kwa Wajerumani hadi kwa Wamarekani. Alisoma Makerere na Marekani, akapata shahada ya udaktari Cambridge, akawa padri wa Kianglikana, akafundisha Makerere miaka kumi, kisha akaishi Uswisi hadi alipofariki mwaka 2019. Utafiti wake wa Cambridge ulihusu jinsi Wakamba walivyoyapokea mahubiri ya wamisionari juu ya mwisho wa dunia. Kitabu chake maarufu juu ya dini na falsafa za Kiafrika kilitoka mwaka 1969.

Katika kitabu hicho Mbiti anaeleza kwamba anayekufa haendi mbali mara moja. Maadamu wapo watu waliomjua na wanaomtaja kwa jina lake, yuko karibu. Ni mfu aliye hai, sehemu ya nyumba yake, anamwagiwa pombe kidogo na kuwekewa chakula kidogo. Kipindi hicho Mbiti alikiita Sasa. Siku anapokufa mtu wa mwisho aliyemkumbuka kwa jina, ndipo anapozama katika Zamani, anakuwa mmoja wa aimu, yaani mizimu isiyo na jina, na kufa kwake kunakamilika. Ndiyo sababu ndoa na watoto ni jambo la dini kwa Wakamba: mjukuu hupewa jina la babu, na babu anaendelea kuitwa uani kila asubuhi.

Wanafalsafa wengine wa Afrika wamempinga Mbiti, hasa pale alipodai kwamba Waafrika wa jadi hawakuwa na dhana ya wakati ujao wa mbali. Pingamizi hilo lina nguvu. Lakini alichosema juu ya jina la marehemu kinathibitishwa na desturi ya majina ambayo kila familia ya Kikamba inaijua, na ndicho kinachohusika hapa.

Chukua kijana wa miaka 20 aliyetolewa Mutomo, Kitui, mwaka 1917 kabla hajaoa. Anakufa kwa kuhara damu kando ya njia huko kusini, anazikwa na watu wasiojua lugha yake, au hazikwi. Hana mtoto wa kumrithisha jina. Katika daftari la jeshi ana namba, na jina lililoandikwa na karani aliyelisikia vibaya. Mwili umekufa mara moja. Kwa kipimo cha Mbiti, yule mfu aliye hai naye aliuawa, na kifo cha pili hakikuletwa na bakteria wa tumbo. Kilikuja kwa sababu watu wa ofisini hawakuona faida ya kuandika jina sawasawa.

Serikali ilijua kuandika majina ilipoyahitaji. Kufikia 1920 wanaume wa Kenya walikuwa wanaandikwa mmoja mmoja, kwa alama za vidole, na kuvikwa kipande shingoni ili asitoroke mtu kazini. Uzoefu wa kuwaandikisha wapagazi ulichangia mfumo huo. Mishahara ya wapagazi waliokufa, kwa upande mwingine, ilikaa bila kulipwa kwa maelezo kwamba jamaa hawapatikani. Oscar Watkins, ofisa aliyewasimamia wapagazi hao, alipigania fedha hizo ziwafae wananchi waliotoa watu wao, akashindwa.

Mwaka 1928 sanamu za askari zilisimamishwa Nairobi, katika barabara ambayo sasa inaitwa Kenyatta Avenue. Watu watatu wa shaba, mmoja wao mpagazi. Maandishi ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu yanamwahidi aliyekufa kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Chini ya ahadi hiyo hakuna jina hata moja. Tume ya Makaburi ya Vita iliona inatosha. Wazungu waliokufa Taveta na Voi waliwekewa kila mtu jiwe lake. Mwaka 2021 tume hiyo ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Wakati huo huo jina la jenerali lilipewa kambi za jeshi, mitaa ya miji ya Ujerumani, hata mnyama. Mwaka 1919 Hans Virchow alimtaja mjusi wa kale aliyechimbuliwa Tendaguru, Lindi, kuwa Dysalotosaurus lettowvorbecki. Mifupa ile ilichimbwa na mamia ya wafanyakazi wa Lindi chini ya msimamizi Boheti bin Amrani.

Turudi kwenye msamaha. Wanazuoni wa Kiislamu hutofautisha haki ya Mungu na haki ya mja. Aliyeikosa sala akatubia kwa kweli, Mungu humsamehe; aliyemdhulumu mtu hana budi kumrudia mtu huyo, amlipe au amwombe radhi, na asipofanya hivyo deni litamngoja siku ya kiyama. Hilo alilijua kila askari Mwislamu wa Lettow-Vorbeck. Injili ya Mathayo inamtaka mwenye sadaka aiache mbele ya madhabahu, aende kwanza akapatane na ndugu yake. Na katika mila ya Wakamba, mtu akiuawa, deni la damu lilikuwa la ukoo wake. Wazee wa koo mbili walikaa, mifugo ikatolewa, na ni ukoo wa marehemu uliotamka kama yamekwisha. Hakuna mtu wa ukoo wa tatu aliyeweza kulitamka kwa niaba yao, hata angekuwa tajiri au mwema kiasi gani.

Waingereza waliomkaribisha mwaka 1929 walikuwa ukoo wa tatu. Walikuwa na haki ya kumsamehe kwa ajili ya maofisa wao waliouawa katika mapigano ya Tanga na Mahiwa. Juu ya vijana wa Ukamba walikuwa wadaiwa pamoja naye, na mdaiwa hamsamehe mdaiwa mwenziwe deni la mtu wa tatu. Adabu yao ya kijeshi ilikuwa ya kweli. Upendo wa Smuts kwa adui wa zamani ulikuwa wa kweli vilevile. Lakini walichokifuta mezani hakikuwa chao.

Wapo watakaojibu kwamba Waafrika wenyewe walimpenda. Mwaka 1953, akiwa na miaka 83, alirudi Dar es Salaam, na askari wazee wakampokea kwa shangwe. Jambo hilo lilitokea, na lisidharauliwe. Askari wale walimjua, aliwajua, walikula naye majani na mizizi Msumbiji. Msamaha wao au mapenzi yao ni yao na hakuna wa kuwanyang'anya. Lakini askari alikuwa mtu wa mshahara na bunduki; mara nyingi ndiye aliyemkamata mpagazi kijijini na kumwekea mzigo kichwani. Shangwe ya askari bandarini haiwezi kuwa sauti ya mwanamke wa Ugogo aliyezika watoto wakati wa Mtunya, wala ya mama wa Mutomo.

Tofauti hiyo ilionekana tena jenerali alipokufa Hamburg, Machi 1964. Askari wawili wa zamani walisafirishwa kwa ndege hadi mazikoni kwa gharama ya serikali. Waziri wa Ulinzi wa Ujerumani Magharibi, Kai-Uwe von Hassel, aliyezaliwa Gare, Usambara, mwaka 1913, alitoa hotuba ya kumsifu. Mwaka huo huo bunge la Bonn liliidhinisha malipo kwa askari waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba huko Mwanza wazee wengi walikuja bila karatasi yoyote, na mlipaji akampa kila mmoja ufagio aushike kama bunduki na kumpigia amri za Kijerumani, hakuna aliyekosea. Kisa hicho kinapendwa sana. Malipo yale yalikuwa ya askari. Mpagazi hakuwa na amri ya kukumbuka, na hakuna aliyemngojea kwa ufagio.

Tangu hapo sifa ya jenerali imepungua kwao. Saarlouis, mji aliozaliwa, uliliondoa jina lake mtaani mwaka 2010. Hannover ilibadilisha barabara yake ikaiita kwa jina la Namibia. Hatua hizo ni za haki, ingawa kulifuta jina la mkubwa hakurudishi jina la mdogo. Mizani ya Mbiti haijali ni mtaa gani umeitwaje Ujerumani. Inauliza kama kuna mtu Ikutha anayeweza kumtaja aliyepotea.

Mkristo wa AIC anaweza kusema Ngai anayajua majina yote, yawe yameandikwa au hayakuandikwa. Ni kweli kwa imani yake, na ni faraja. Lakini Biblia hiyo hiyo inasimulia kwamba Kaini aliulizwa ndugu yake yuko wapi na Mungu ambaye tayari alijua. Swali liliulizwa kwa ajili ya Kaini. Mungu kujua hakukumwondolea mwanadamu wajibu wa kujibu.

Na jibu bado linaweza kutafutwa. Cape Town, Januari 2025, ulizinduliwa ukumbusho wa Waafrika Kusini weusi zaidi ya 1,700 waliokufa katika kazi za vita hivyo hivyo, kila mmoja kwa jina lake, baada ya miaka zaidi ya 100 ya kusahauliwa. Majina yalipatikana katika nyaraka ambazo zilikuwapo siku zote. Kitui na Makueni zina njia nyingine, bora zaidi kuliko nyaraka za makarani waliosikia vibaya. Koo za Wakamba, Aombe, Atangwa, Anzauni, Amutei na nyingine, bado hukutana, huchangishana, hujua nani ni mtoto wa nani. Mtu aliyezaliwa mwaka 1940 na kulelewa na bibi aliyefiwa na kaka yake kwenye Kariokor, kikosi cha wapagazi, bado yupo, ana miaka zaidi ya 80, na huenda analijua jina hilo. Kwa hesabu ya Mbiti, kijana yule wa Mutomo yuko ukingoni mwa Sasa, na akifa mzee huyo ataanguka.

Kaunti mbili zikishirikiana na koo na makanisa zinaweza kukusanya majina hayo kwa gharama ndogo kuliko ya barabara moja ya lami, kisha orodha ikapelekwa London, ambako mishahara yao ilibakizwa, na Berlin, ambako mtu waliyemfuata alishangiliwa. Hapo ndipo mazungumzo ya msamaha yangeweza kuanza, kati ya wanaodai na wanaodaiwa. Wazee wa koo hizo wana haki ya kuutoa. Wana haki pia ya kuomba kwanza wasomewe hesabu ya rupia zilizobaki.